Kufunga pedali za klachi na breki kwenye gari kuukuu lenye nafasi finyu ya miguu

Maswali yanayofika ni yale yale: pedali ya breki inagonga nguzo ya steringi, ya klachi imekwama kwenye mgongo wa giaboksi (sehemu ya sakafu iliyoinuka kuifunika giaboksi), au zote zimeingia vizuri lakini gari halishiki. Karibu kila mara gari lenyewe ni Land Rover ya zamani, au pikapu ya miaka ya 1960 na 1970, iliyong'olewa injini na giaboksi yake ikawekewa za Toyota au Nissan. Giaboksi mpya ni nene, mgongo wake umepanuka kuelekea kwa dereva, na sehemu ya miguu imebaki kama mfuko wa shati. Wamarekani wanaojenga hot rod (magari ya zamani yaliyowekewa injini yenye nguvu) kwa bodi za Ford za miaka ya 1930 wanapambana na jambo hili hili. Wao wana kazi ya ziada, maana gari hizo zilizaliwa na breki za kuvutwa kwa rodi. Ford ilihamia breki za mafuta kwenye modeli ya 1939.

Kabla hujashika grenda, shika neno hili moja: pedali isipoingia, kunja mkono wake, usiukate. Mkono uliofupishwa ndio chanzo cha breki nyingi "ngumu zisizoshika" tunazoulizwa Mtwara na Lindi.

Andaa hivi kwanza

- Masta ya breki (silinda inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali) ya njia mbili, yaani pistoni mbili ndani. Ya njia moja usiifunge hata ukipewa bure: paipu moja ikipasuka, huna breki gurudumu lolote.
- Masta ya klachi, na klachi ya chini (silinda ndogo iliyo kwenye giaboksi inayosukuma uma wa klachi) inayolingana nayo.
- Flati baa ya chuma, milimita 10 kwa 40, kama mita moja na nusu. Bati la milimita 4 au 5 kwa ajili ya bamba la kushikilia.
- Shafti ya milimita 16 hadi 20 ya egemeo (mahali pedali inapozungukia), na bushi zake. Fundi wa kukereza vyuma atakutengenezea bushi za bronzi kwa muda mfupi. Mpelekee shafti yenyewe, usimpelekee kipimo cha mdomoni.
- Bolti za M8 na M10 zenye alama 8.8 kichwani, nati za kujifunga, spliti pini.
- Paipu za breki za chuma za inchi 3/16, na chombo cha kutengeneza mdomo wa kukunjwa mara mbili.
- Mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, lita moja na nusu, chupa zisizofunguliwa.
- Springi mbili za kurudisha pedali, swichi ya taa ya breki, kadibodi, tepu, mkasi, na viatu unavyoendeshea siku zote.

Vipuri vya namna hii mara nyingi huagizwa Dar, Kariakoo au Gerezani, vikaja kwa basi. Hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo agiza baada ya kupima, si kabla. Ukiagiza masta, taja kipenyo cha pistoni na urefu wa mwendo wake. "Masta ya Hilux" peke yake haitoshi, kwa kuwa kuna za vipenyo tofauti.

Hesabu mbili tu

Uwiano wa pedali ni umbali kutoka egemeo hadi katikati ya sahani ya kukanyagia, ukigawanywa kwa umbali kutoka egemeo hadi tundu la rodi ya masta. Mkono wa milimita 300 wenye tundu kwenye milimita 50 ni sita kwa moja. Breki isiyo na busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu) inataka sita kwa moja au karibu na hapo. Yenye busta inatosheka na nne hadi tano. Klachi ya mafuta, tano hadi saba.

Uone uzito wake: mguu ukikanyaga kwa nguvu ya kilo 30, pedali ya sita kwa moja, masta ya inchi 3/4, unapata presha ya baa 62 hivi kwenye paipu. Kata mkono ubaki nne kwa moja, presha inashuka hadi baa 41. Acha mkono ulivyo lakini weka masta ya inchi 7/8 kwa kudhani kubwa ni bora, unapata baa 45. Masta nene hutoa mafuta mengi kwa mwendo mfupi, ila presha hupungua.

Hesabu ya pili ni ya nafasi. Mwendo wa rodi mara uwiano ndio mwendo wa sahani. Masta yenye mwendo wa milimita 25 na pedali ya sita kwa moja inataka milimita 150 za uwazi mbele ya sahani, hata kama mkono ni mfupi au mrefu. Hapo hapana ujanja. Kama huna milimita 150, sogeza kiti nyuma au ubonyeze ukuta wa injini kwenda mbele.

Hatua za kazi

1. Funga kiti na usukani kwanza. Kiti kifungwe kwa bolti zake zote, usukani uwe mahali pake pa kudumu, sakafu na mgongo wa giaboksi viwe vimemalizika. Wengi huanza na pedali gari likiwa tupu kwa kuwa ni rahisi kuingia, halafu kiti kikija goti linagusa usukani. Kaa, vaa viatu vyako, weka visigino sakafuni, na mtu mwingine achore kwa chaki pale nyayo zinapogota.

2. Gawa upana. Gari letu ni la usukani wa kulia, hivyo akseleta iko kulia kabisa, breki katikati, klachi kushoto ikibanwa na mgongo. Tuseme una milimita 300 tu kutoka ukuta hadi ukuta. Acha 15 pembeni kulia, akseleta 45, uwazi 50, breki 60, uwazi 55, klachi 55, na 20 za mwisho kabla ya mgongo. Jumla inatimia 300. Ukilazimika kupunguza, punguza sahani ya klachi, usiguse uwazi kati ya breki na akseleta. Mguu uliokusudia breki ukigusa vyote viwili, gari linasukuma na kushika kwa wakati mmoja. Sahani ya breki iwe juu zaidi ya akseleta kwa milimita 40 hadi 50, na mguu uweze kutoka huku kwenda kule bila kunyanyua kisigino sana.

   Pima kwa buti na pima kwa ndala pia, maana gari la shamba litaendeshwa na kila mtu. Ncha ya ndala huingia chini ya sahani na kunasa. Kingo za sahani ziwe za mviringo na chini yake kusiwe na pengo la kumeza kitu.

3. Chagua pedali za kuning'inia au za kupenya sakafu. Land Rover Series I zilipenya sakafu. Series II na III zinaning'inia kwenye ukuta wa injini. Kama nafasi ya juu ipo, ning'iniza. Masta inakuwa juu, mbali na matope, na kutoa upepo ni rahisi. Za sakafuni zinaokoa nafasi ya steringi, ndiyo maana wajenzi wa hot rod wanazipenda, lakini zinakuja na masharti mawili.

   La kwanza: masta ikiwa chini kuliko silinda za magurudumu, mafuta hurudi nyuma gari likisimama, na asubuhi pedali inazama. Dawa yake ni valvu ya kubakisha presha kwenye kila njia: psi 2 kwa diski, psi 10 kwa dramu. Ukizibadilisha, psi 10 itaacha diski zikisugua hadi zichemke. Angalia pia kama masta yako ya dramu inayo tayari ndani, usifunge mbili. La pili: joto la eksozi. Acha milimita 100 au weka bati la kukinga.

   Kwa barabara za vijijini Tandahimba, Nanyamba au Liwale, ambako chasisi hupita katikati ya mchanga na maji ya mvua za Desemba hadi Aprili, sisi tungening'iniza hata kama kazi ni kubwa zaidi.

4. Tengeneza pedali ya kadibodi. Kata mkono kwa urefu wake kamili, toboa tundu la egemeo, ushikize kwa msumari kwenye kipande cha ubao kilichofungwa mahali egemeo litakapokaa. Kanyaga hadi mwisho. Angalia inapopishana na nguzo ya steringi, na waya za chini ya dashibodi, na mkono wa pedali jirani. Kila mahali acha milimita 15 angalau, na zipimwe kwenye mwendo mzima, kwa sababu pedali husafiri kwa upinde na inaweza kupita salama juu ikagonga katikati.

   Ikigonga, chora mkunjo kwenye kadibodi. Kumbuka, urefu unaohesabika ni ule ulionyooka kutoka egemeo hadi sahani. Mkunjo hauuongezi wala hauupunguzi uwiano ukiacha ncha mbili mahali pake. Kwenye gari finyu kabisa nguzo ya steringi hupita kati ya klachi na breki, kila mkono ukikunjwa kuikwepa upande wake.

5. Hamishia kwenye chuma. Pasha sehemu ya mkunjo hadi iwe nyekundu, kunja polepole, acha ipoe kwa hewa. Usiitumbukize kwenye maji. Kama unatumia pedali ya zamani, jaribu grenda kwanza: cheche ndefu angavu ni chuma cha kawaida, cheche fupi nyekundu za kufifia ni chuma cha kusubu. Hicho ukikichomelea kwa vijiti vya kawaida kitapasuka pembeni ya mchomeleo, na kitapasuka siku unapokanyaga kwa nguvu zote. Tengeneza mkono mpya.

   Mkono uliokunjwa pembeni hujipinda ukikanyagwa, kwa hiyo bomba la egemeo liwe refu, milimita 45 au 50 kwa kila pedali, si kipande cha 20. Chongoa kingo kabla ya kuchomelea, chomelea pande zote mbili, vijiti vya milimita 3.2 kwenye ampea 100 hadi 130. Hewa ya pwani hulowesha vijiti. Pakiti iliyokaa wazi dukani Mikindani au Lindi mjini hutoa mchomeleo wenye vitundu. Na umeme ukiwa unayumba, ahirisha: mchomeleo utakuwa juu juu tu, ukipakwa rangi hakuna atakayejua.

6. Imarisha ukuta wa injini. Bati la kiwandani ni jembamba, na masta ikifungwa hapo tu, ukuta unapumua kila ukikanyaga. Bamba la milimita 4 au 5 likae nyuma ya bati, lifike upande wa egemeo, na liunganishwe juu na fremu ya dashibodi au nguzo ya mlango. Shafti ya egemeo ishikwe pande zote mbili, isining'inie upande mmoja. Bolti za M8 za 8.8 zikazwe Nm 25, za M10 Nm 45.

   Kazi zote za kuchomelea ziishe kabla masta hazijafungwa, betri ikiwa imechomolewa. Raba za ndani haziwezi joto, na mafuta ya breki yakidondokea chuma chenye moto yanawaka.

7. Panga rodi. Pedali ikiwa katikati ya mwendo wake, rodi na mkono viwe pembe mraba. Ukitazama kutoka juu, rodi iingie kwenye masta ikiwa imenyooka. Ikilala pembeni, pistoni inakula ukuta wa silinda na masta mpya inavuja ndani ya miezi. Uzi wa rodi uzame kwenye uma wake angalau milimita 10, kisha nati ya kufunga na spliti pini. Usitumie msumari badala ya spliti pini.

   Sasa jambo linaloua breki nyingi kimya kimya: kati ya ncha ya rodi na pistoni lazima kuwe na pengo la milimita 1 hadi 1.5, pedali ikiwa imerudi juu kabisa. Kwenye sahani utalisikia kama mchezo wa milimita 6 hadi 9. Bila pengo hilo, kitundu cha kurudishia mafuta kwenye chupa kinabaki kimezibwa, mafuta yanatanuka kwa joto bila pa kwenda, na baada ya kilomita chache magurudumu yanajifunga yenyewe.

8. Weka vizuizi. Pedali zote mbili ziwe na kizuizi cha kurudia, cha raba ngumu. Klachi iwe na kizuizi cha mbele pia, ili mguu usisukume zaidi ya klachi ya chini inavyohitaji na kuharibu presha pleti. Breki haiwekewi kizuizi cha mbele. Pistoni ya masta ndiyo ifike mwisho kabla sahani haijagusa chochote, zulia likiwemo.

9. Linganisha klachi. Tuseme klachi ya chini inahitaji kusukuma milimita 15 na ina kipenyo cha inchi 3/4. Ukiwa na masta ya 3/4, mwendo ni 15 kwa 15, na pedali ya sita kwa moja itasafiri milimita 90: fupi, lakini nzito mguuni. Ukiwa na masta ya 5/8, masta inasafiri karibu 22, pedali 130, nayo ni laini. Kwenye nafasi finyu utavumilia uzito ili upate mwendo mfupi. Ongeza milimita 15 hadi 20 za mchezo juu ya hesabu hiyo.

10. Pitisha paipu. Zifungwe kwa vishikio kila sentimita 30, zisiguse chasisi inayotikisika wala eksozi. Paipu ya shaba ya friji haifai, hata ikiwa unene unalingana. Mipira ya petroli nayo haifai. Mdomo ukunjwe mara mbili.

11. Jaza na toa upepo. Masta mpya itolewe upepo ikiwa kwenye jiriwa ya meza kwanza, kwa mirija miwili inayorudi kwenye chupa yake. Kisha anza na gurudumu lililo mbali na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Msaidizi akanyage taratibu, ashikilie, ndipo ufungue nipo (skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu). Funga nipo kwanza, naye asiachie kabla hujasema. Usiache chupa ikauka. Usiongeze mafuta ya injini wala ya hidroliki, hata tone: raba zinavimba na itabidi ubadilishe zote, kuanzia masta hadi magurudumu. Mafuta ya breki hufyonza unyevu, na kwa hewa ya pwani yabadilishe kila mwaka.

12. Jaribu ukiwa umesimama. Kanyaga kwa nguvu zote dakika nzima. Pedali isizame. Mwenzako atazame masta na bamba: kikisogea chochote, rudi hatua ya 6. Kisha nenda uwanja wa tambarare usio na watu, kilomita 10 kwa saa, halafu 20, halafu 40. Baada ya kilomita 50 kaza bolti zote upya. Mteremko wa Newala kushukia Masasi si mahali pa jaribio la kwanza, na hasa si msimu wa korosho ukiwa na magunia nyuma.

Ikisumbua

*Pedali ni laini kama sponji.* Upepo umebaki, au ukuta unapumua. Tofautisha kwa kutazama masta huku mtu akikanyaga, kabla hujamwaga mafuta mengine.

*Kanyago la kwanza linazama, la pili linapanda.* Kwenye dramu, kaza marekebisho ya viatu vya breki kwanza. Kama yako sawa na masta iko chini ya sakafu, valvu ya kubakisha presha haipo au imekufa.

*Inazama polepole ukiishikilia.* Tafuta unyevunyevu kwenye maungio na nyuma ya magurudumu. Kukiwa kukavu kote, raba za ndani ya masta zinapitisha.

*Ngumu, haishiki.* Pima uwiano tena kwa tepu, halafu kipenyo cha masta. Kama kuna busta, zima injini, kanyaga mara tano, shikilia, washa: pedali isiposhuka kidogo, busta haipati hewa ya kuvutwa au imetoboka.

*Inashika vizuri asubuhi, magurudumu yanajifunga yakipata moto.* Hakuna pengo la rodi. Fungua nipo moja kidogo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, umethibitisha. Fupisha rodi nusu mzunguko kila mara.

*Gia zinakwaruza kuingia.* Pima mwendo wa klachi ya chini kwa rula. Usipofika ulichohesabu, ni upepo, uma uliochakaa tundu, au mkono wa pedali unaojipinda. Ukifika na bado gia zinakwaruza, tatizo liko ndani ya giaboksi au kwenye klachi pleti, usiendelee kuhangaika na pedali.

*Klachi inateleza mlimani.* Hakuna mchezo, relizi beringi inasukuma muda wote. Punguza rodi hadi mchezo urudi, na uangalie springi ya kurudishia kama bado ina nguvu. Chumvi ya bahari, kama ya Shangani hapa Mtwara, huzila haraka.

*Taa za breki zinawaka muda wote.* Swichi iko mbali sana, au pedali hairudi hadi kwenye kizuizi. Chunguza la pili kwanza, kwa sababu pedali isiyorudi ina maana bushi imekaza au shafti imeota kutu, na hapo unaendesha breki zikiwa zimeshika nusu.